Namna ya Kuchagua na Kutumia Rasilimali za Mtandaoni Darasani

Mwalimu anayefungua intaneti usiku wa kuamkia kipindi, akiwa na neno moja tu la kutafuta kama vile “umeme” au “pembetatu”, hukutana na maelfu ya kurasa, na saa nzima huweza kupita kabla hajapata kitu kimoja kinachomfaa. Vifaa si haba. Kinachomchosha ni kwamba ameanza kutafuta kwa kufuata mada, ilhali angalipaswa kuanzia mahali hasa wanafunzi wake wanapokwama.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kompyuta au simu, andika kikwazo hicho kwa sentensi moja iliyo wazi. Usiandike “sehemu ni ngumu.” Andika, kwa mfano: “Wanafunzi wangu wanaamini kwamba 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 kwa sababu 8 ni kubwa kuliko 4.” Sentensi ya namna hii inakuonyesha mara moja aina ya msaada unaohitaji, yaani kitu kizima kinachogawanywa mbele ya macho ya wanafunzi, na tena huenda ikakuonyesha kwamba karatasi iliyokunjwa mara mbili, kisha mara tatu, inatosha kabisa. Nasema hivi kwa kuwa naipenda teknolojia ya darasani: inastahili kutumiwa pale inapofanya jambo ambalo ubao, chaki na karatasi haviwezi.

Mahali pa kutafuta

Jambo la pili ni kuwa na vyanzo vichache unavyovifahamu kwa kina. Vitano au sita vinatosha, kwa maana mwalimu anayekijua chanzo kimoja vizuri hupata zana yake kwa dakika chache.

Kwa masomo ya sayansi, ningeanza na PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka uliotangulia. Tovuti yake ina majaribio ya kuigiza ambayo mwanafunzi anaweza kuyagusa, kuyabadilisha na kuyarudia bila kuvunja kitu, na mengi yake yamefasiriwa katika lugha mbalimbali. Nitaeleza jaribio moja kwa urefu, kwa sababu namna ya kulitumia ina uzito kuliko jaribio lenyewe.

Chukua jaribio la kuunda sakiti za umeme. Wanafunzi wengi huamini kwamba balbu “inakula” mkondo wa umeme, na kwamba mkondo ukipita kwenye balbu ya kwanza, unaobaki kwa ajili ya balbu ya pili huwa umepungua. Mwalimu akiwaeleza kwamba si hivyo, wataandika maelezo yake daftarini na kuendelea kuamini walichoamini. Badala ya kueleza, unganisha betri moja na balbu mbili zinazofanana kwa mfululizo, lakini acha swichi ikiwa wazi. Waambie wanafunzi waandike utabiri wao: ni balbu ipi itakayong'aa zaidi, na kwa nini? Kila mmoja aandike kimya kwanza, kisha azungumze na jirani yake, na mwishowe wachache waeleze hoja zao mbele ya darasa zima. Utaratibu huu wa kufikiri, kuzungumza wawili wawili na kushirikisha wote ulielezwa na Frank Lyman mwaka 1981, na hadi leo ni miongoni mwa mbinu nyepesi kuliko zote za kumfanya kila mwanafunzi afikiri, si wale watatu tu wanaonyoosha mikono kila siku.

Baada ya hapo, funga swichi. Balbu zote mbili zinang'aa sawasawa. Weka ameta, yaani kipimo cha mkondo, kabla ya balbu ya kwanza, kati ya balbu mbili, na baada ya balbu ya pili. Kipimo ni kilekile mahali pote. Sasa ndipo wanafunzi wanapohitaji maelezo, na sasa ndipo maelezo ya mwalimu yanapoingia, kwa kuwa utabiri wao wenyewe umegongana na walichokiona. Ukibaki muda, tenganisha balbu hizo na kuziunganisha kwa sambamba, ukianza tena na utabiri. Jaribio hili lote linawezekana kwa kompyuta moja na projekta, na hata bila projekta linawezekana kwa makundi kupokezana simu moja, ilimradi utabiri uwe umeandikwa kabla. Mahali penye betri na balbu halisi, ni vyema zitumike hizo pia, kwani jaribio la kwenye skrini halimfundishi mtoto kwamba waya uliolegea huzima taa.

Kwa hisabati, GeoGebra inafaa sana. Ni programu iliyobuniwa na Markus Hohenwarter katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, kuanzia mwaka 2001, nayo hutumika bila malipo kwa shughuli zisizo za kibiashara. Chora pembetatu, onyesha vipimo vya pembe zake, kisha vuta ncha moja huku na huku: pembe zinabadilika, lakini jumla yake inabaki nyuzi 180. Chora mstari wa y = mx + c na ubadilishe thamani ya m peke yake, kisha ya c peke yake, na wanafunzi wataona kwa macho kazi ya kila herufi. Hata hivyo, wakumbushe kwamba kuona mifano mingi si kuthibitisha. Mifano huwapa sababu ya kuutafuta uthibitisho. Kwa mazoezi ya hatua kwa hatua, Khan Academy, taasisi isiyo ya faida iliyoanzishwa na Salman Khan mwaka 2008, ina video na maswali yanayompa mwanafunzi vidokezo anapokosea. Mimi ningeyatumia maswali yake kuliko video, kwa kuwa maelezo ya ana kwa ana mwalimu anaweza kuyatoa mwenyewe, lakini maswali arobaini yenye masahihisho ya papo hapo hawezi kuyatoa kwa kila mtoto.

Walimu wa madarasa ya chini wanaotafuta vitabu vya kusoma watafaidika na African Storybook, mradi wa asasi ya Saide ya Afrika Kusini, na StoryWeaver ya shirika la Pratham Books la India, iliyofunguliwa mwaka 2015. Zote mbili zina hadithi zenye picha katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, zikiwa zimepangwa kwa viwango vya usomaji, na zote zinamruhusu mwalimu kutafsiri hadithi au kutunga ya kwake. Kwa wanafunzi wakubwa, OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice imekuwa ikitoa vitabu vya kiada bila malipo tangu mwaka 2012, na kwa picha na michoro kuna Wikimedia Commons. Anayetaka kufundisha misingi ya kuandika programu aanze na Scratch, iliyotolewa na maabara ya chuo kikuu cha MIT cha Marekani mwaka 2007.

Leseni

Neno “bure” halina maana ya “fanya utakavyo.” Mwalimu anayepakua hadithi, kuitafsiri na kuisambaza kwa wenzake anapaswa kujua kama ameruhusiwa, na jawabu mara nyingi lipo chini ya ukurasa, katika herufi za leseni za Creative Commons, ambazo zilianza kutolewa mwaka 2002. Herufi BY zinakutaka umtaje mwenye kazi. NC zinakataza matumizi ya kibiashara. SA zinakutaka utakachokitengeneza kutokana na kazi hiyo ukitoe kwa leseni ileile. ND ndizo zinazowanasa wengi, kwa maana zinakuruhusu kusambaza kazi kama ilivyo tu, wala si kusambaza tafsiri yake au toleo ulilolirekebisha. Kwa hiyo, ukikusudia kutafsiri, tafuta kazi isiyo na ND. Jizoeze pia kuandika chini ya kila picha unayoitumia jina la aliyeitengeneza, mahali ulipoipata na leseni yake. Wanafunzi wakiliona hilo kila siku, nao watalifanya katika kazi zao bila kushurutishwa.

Kukagua kabla ya kupeleka darasani

Itazame video yote hadi mwisho. Video ya dakika tisa iliyoanza vizuri huweza kuwa na kosa katika dakika ya saba, au tangazo lisilofaa watoto, au mfano unaohitaji maarifa ambayo darasa lako halijayafikia. Maswali nayo uyafanye mwenyewe, kwa kalamu, kama mwanafunzi. Angalia istilahi zinazotumika: kama chanzo kinatumia neno tofauti na lile la kitabu chenu, waeleze wanafunzi mapema kwamba ni jambo moja lenye majina mawili. Kisha amua ni sehemu ipi hasa utakayoitumia, kwa sababu dakika mbili za video zilizosimamishwa mahali panapofaa, na swali likaulizwa hapo, zina faida kuliko dakika tisa zilizopita bila mtu kuulizwa kitu.

Uangalifu huohuo, na zaidi, unahitajika kwa programu za akili mnemba kama ChatGPT, iliyofunguliwa kwa umma mwezi Novemba 2022. Zinaweza kukusaidia kupata rasimu ya maswali, kurahisisha kifungu kwa wasomaji dhaifu au kupendekeza mifano, lakini hutoa makosa kwa ufasaha uleule zinaotumia kutoa ukweli. Usichapishe jibu ambalo hujalihakiki, na usiandike humo majina au matokeo ya wanafunzi wako.

Pale mtandao unapokuwa hafifu au haupo

Usitegemee kabisa kwamba mtandao utakuwepo saa ya kipindi. Kiwix, programu iliyoanza mwaka 2007, inakuwezesha kupakua Wikipedia nzima au sehemu yake na kuisoma baadaye bila intaneti, kwenye simu au kompyuta. Faili la Wikipedia ya Kiingereza lenye picha ni kubwa mno, kwa hiyo chagua toleo lisilo na picha au mkusanyiko wa somo moja. Toleo la Kiswahili ni jepesi zaidi. Kwa shule yenye kompyuta moja ya kutegemewa, Kolibri ya shirika la Learning Equality ni msaada mkubwa: unaiweka katika kompyuta hiyo, unapakua maudhui mara moja mahali penye mtandao, yakiwemo ya Khan Academy na PhET, kisha simu na vishikwambi vya wanafunzi vinaunganishwa na kompyuta hiyo kwa mtandao wa ndani na kuyafungua kwa kivinjari cha kawaida. Hakuna data inayotumika wakati wa kipindi.

Kupima walichokipata

Mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha utafiti ambao kila mwalimu angefaa kuujua. Wanafunzi waliosoma kifungu kisha wakakisoma tena walikumbuka zaidi baada ya dakika tano; lakini baada ya wiki moja, waliokuwa wamejaribu kukumbuka kifungu bila kukitazama ndio waliokumbuka zaidi. Maana yake darasani ni kwamba chemsha bongo fupi si ya kutolea alama tu. Ni kujifunza kwenyewe. Anza kipindi kwa maswali matatu: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita, vitabu vikiwa vimefungwa.

Programu ya simu iitwayo Plickers inafaa sana kwa kazi hii mahali ambapo wanafunzi hawana vifaa. Kila mwanafunzi anapewa kadi ya karatasi yenye alama yake, anaigeuza ili herufi ya jibu lake iwe juu, na mwalimu anapitisha kamera ya simu yake mbele ya darasa. Majibu ya wote yanasomwa kwa sekunde chache, na kwa kuwa alama zinatofautiana, si rahisi mtu kuiga jibu la jirani. Kahoot, programu ya chemsha bongo iliyotoka Norway mwaka 2013, inachangamsha darasa, ila mashindano yake ya kasi huwaumiza wanaosoma polepole, ambao hubaki kubahatisha. Ongeza muda wa kila swali, au waache wajibu kwa makundi.

Kabla ya kuwaandikisha wanafunzi katika huduma yoyote, soma masharti yake ya umri, kwani nyingi haziruhusu mtoto aliye chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti bila ridhaa ya mzazi. Pale inapowezekana, tumia huduma isiyodai akaunti ya mwanafunzi, au tumia namba badala ya jina kamili.

Kipindi kikimalizika, andika mistari mitatu katika faili moja utakalolitunza mwaka mzima: kikwazo kilichokuwepo, zana uliyoitumia na anwani yake, na jambo utakalolibadilisha mara ijayo. Mpe nakala ya faili hilo mwalimu mwenzako wa somo lilelile, na umwombe aongeze mistari yake.