Masika yakikukuta njiani: Likoni hadi kisiwani na kurudi

Kabla hujatazama mawingu, tazama mwezi. Mimi nakaa Likoni, ng'ambo ya feri, na nauza vitambaa dukani karibu na Marikiti, kisiwani Mombasa, na msimu wa masika jambo ninalopanga nalo safari ni bamvua. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari hujaa sana, na siku hizo maji hufika juu kabisa mida ya saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Mitaro ya mji wetu humwaga baharini. Bahari ikiwa juu, maji ya mvua hayana pa kwenda, basi hutuama barabarani wakati ule ule ambapo sote twarudi nyumbani. Mvua hiyo hiyo ikinyesha bahari imekupwa, hukawii kupata njia.

Kwa hivyo tarehe mosi na kumi na tano za mwezi wa Kiislamu, na siku mbili tatu zinazofuata, zungumza na tajiri wako mapema. Toka saa nane, ama ubaki kazini mpaka baada ya Isha, maji yakiwa yameanza kushuka. Mwajiri anayejua bahari hatakukatalia.

Asubuhi za bamvua shida hugeuka. Saa tatu hadi saa tano bahari imepwa mno, na mteremko wa kushukia feri huwa mkali, tena huku chini una ukoga wa kijani unaoteleza hata bila mvua. Vaa sandali za mpira zenye meno, viatu vya kazi vikae mkobani. Shuka kwa hatua fupi, mkono mmoja mtupu, na ngoja magari yamalize kupita. Dada zangu wa buibui, kunja pindo ulibane kwa pini juu ya kifundo cha mguu. Pindo lililorowa hukanyagwa na anayekufuata.

Na kwenye feri yenyewe, tafadhali, usisukume. Mvua ikianza watu hukimbia wote kwa pamoja na kujazana palipo na paa. Tarehe 29 Aprili 1994, msimu kama huu, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imebeba watu kupita kiasi, wakafa watu 272. Ikijaa, ngoja nyingine. Kurowa hakuui. Ukiwa ndani ya gari, shuka uvuke kwa miguu, nauli ya miguu ni bure: Septemba 2019 gari lilirudi nyuma kwenye MV Harambee likatumbukia na mama na mwanawe, wakafa wote wawili.

Ukishavuka, hatari ni maji usiyoyaona chini. Mifuniko ya mitaro huibwa, na shimo lililojaa maji halitofautiani na barabara. Mfuate mwenyeji wa mtaa, au tanguliza fimbo. Maji yaendayo kasi, yakifika sentimita 15 tu, yatosha kumwangusha mtu mzima; yakifika 30 hubeba gari dogo. Tuktuk ni nyepesi na injini yake iko nyuma, chini, kwa hivyo huzima upesi. Dereva atakwambia, "Mama, twapita tu." Mjibu kwa upole, "Hapana mwanangu, nishushe hapa," na umlipe haki yake mpaka hapo.

Nauli ya matatu hupanda mvua ikishika. Muulize makanga kabla ya kuingia na uwe na pesa ndogo mkononi, maana kutafuta chenji mlangoni ndiko kunakowarowesha wote walio nyuma yako.

Waya wa stima ukianguka, usiusogelee, wala usipite kwenye dimbwi lililo karibu nao hata kama taa za mtaa zimezima. Piga 97771, nambari ya Kenya Power, kisha simama pale mbali uwazuie watoto mpaka mafundi waje.

Mwavuli kwa upepo wa kusi hauna kazi. Koti la mvua ndilo litakalokufaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 2017, kwa hivyo simu, kitambulisho na pesa viweke kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana. Ongeza leso moja kavu. Chaji simu usiku, kwani stima hukatika alfajiri bila taarifa.

Ukifika nyumbani osha miguu kwa sabuni kabla ya kukanyaga mkeka. Vyoo vya shimo hufurika na maji uliyoyapita yamebeba kila kitu. Kama una kidonda, kisafishe na ukifunge. Nasi tutumiao visima, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, hata yakionekana meupe, na ya kuoshea vyombo vya mtoto vilevile, mpaka masika yaishe.