Kabla Hujachoma Taswira ya Diski Ngumu Kwenye DVD

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo wenye kompyuta za zamani wako njia panda: wapande Windows 11, wahamie Linux, au wabaki walipo. Wengi wakiambiwa wafanye bakapu kwanza, hunakili folda ya nyaraka na ya picha kwenye flashi, wakaona wamemaliza. Halafu mfumo mpya unakataa kuelewana na printa ya dukani, au programu ya hesabu inadai namba ya usajili, na fundi aliyeiweka hapatikani tena kwenye simu. Nyaraka zipo zote. Kompyuta iliyokuwa inafanya kazi ndiyo haipo.

Taswira ya diski hurudisha kompyuta yenyewe: mfumo endeshi, programu, mipangilio, draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama printa), patisheni (mafungu ambayo diski imegawanywa) na sehemu ya kuwashia, kila kitu kama kilivyokuwa saa ile ilipochukuliwa. Kuihifadhi kwenye diski ya nje ni rahisi zaidi, sikatai. Lakini diski ya nje huanguka, huibiwa, na kikiingia kirusi kinachofunga mafaili na kudai pesa wakati imechomekwa, nayo inafungwa pamoja na zingine. DVD iliyokwisha kuchomwa na kufungwa haiandikiki tena, kwa hiyo seti ya DVD inafaa sana kuwa nakala ya pili. Ila kuna jambo moja linalotawala maandalizi yote: taswira iliyogawanywa kwenye DVD kumi bado ni taswira moja. Ya saba ikigoma kusomeka, hizo tisa zilizobaki ni mapambo.

Ndiyo maana kazi inaanzia kwenye kupunguza. Kila DVD unayoiondoa kwenye seti ni mlango mmoja wa hasara uliofungwa. Tuchukue kompyuta ya mezani yenye SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) ya GB 256, inayounganishwa kwa njia ya SATA, ambayo imejaa GB 150. Ukichungulia utakuta zaidi ya nusu ni picha za harusi, video na muziki. Vitu hivyo visiingie kwenye taswira. JPEG, MP3 na MP4 zimeshabanwa tangu zilipotengenezwa, hazibaniki tena kwa maana, na zikiwa ndani ya taswira huwezi kufungua hata picha moja bila kuanza kuirudisha au kuifumua taswira. Zihamishie kwenye DVD zake kama mafaili ya kawaida, zitafunguka kwenye mashine yoyote. Safisha mafaili ya muda, ondoa programu zisizotumika, mwaga kapu la taka. Tuseme umebaki na GB 60 za mfumo na programu. Zikibanwa huenda zikashuka hadi 40 hivi, ingawa hilo hutegemea kilichomo. Hapo ndipo DVD zinaanza kuwa na maana. Kwa GB 150 nzima ningekwambia uachane nazo.

Kuhusu ujazo, usidanganywe na maandishi ya boksi. DVD ya kawaida imeandikwa 4.7 GB, lakini ukiiweka kwenye Windows utaonyeshwa 4.38 au chini yake kidogo, kwa sababu kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Zipo za tabaka mbili za 8.5 GB; bei iko juu na baadhi ya draivu (vifaa vya kusomea na kuchomea diski) husumbuka nazo. Blu-ray ya kuchoma inabeba GB 25 kwa tabaka moja na ingemaliza kazi hii kwa diski mbili, ila inahitaji draivu yake maalumu, kisoma DVD cha kawaida hakiioni kabisa, na Sony ilisitisha kuzitengeneza Februari 2025. Kwa wengi wetu DVD-R au DVD+R ndiyo inayopatikana. Zile za RW ziache: kinachoweza kufutwa siku moja kitafutwa.

Kabla ya kuchukua taswira, pima afya ya diski unayoinakili. Programu yoyote ya kusoma SMART, yaani taarifa za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe, itakuonyesha idadi ya sekta (vijisehemu vya diski) zilizohamishwa na zile zinazosubiri kuamuliwa. Namba hizo zikiwa zinapanda, simama hapo hapo: nakili kwanza nyaraka muhimu, taswira baadaye, maana kusoma diski nzima mfululizo kunaweza kuwa ndiyo safari yake ya mwisho. Ikiwa nzima, endesha chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, ili mpangilio wa mafaili uwe safi, kisha zima usingizi mzito wa Windows (hibernate) kwa kuandika powercfg /h off kwenye dirisha la amri la msimamizi. Amri hiyo inafuta faili la hiberfil.sys, ambalo huwa ni la gigabaiti kadhaa, na inazima pia ule uwashaji wa haraka unaoiacha patisheni nusu wazi. Programu nyingi za taswira zikiikuta patisheni katika hali hiyo hugoma.

BitLocker, kinga ya Windows inayofumba data ya diski isisomeke bila ufunguo, nayo iangalie. Kompyuta kadhaa zinakuja nayo ikiwa imewashwa na mwenyewe hana habari. Kuisimamisha kwa muda hakutoshi, data inabaki imefumbwa vilevile, na Clonezilla, programu ninayoitumia kuchukua taswira, ikikutana na patisheni iliyofumbwa hunakili sekta zote, zenye kitu na zisizo na kitu, tena bila kubanika. Ile GB 40 yako inageuka kuwa mamia. Ama uifumbue kabisa kwanza, ama usahau DVD. Kwa vyovyote, ule ufunguo wa tarakimu 48 uandike kwenye karatasi.

Natumia Clonezilla kwa sababu ni ya bure na haijali kama Windows inawaka au haiwaki. Huwezi kuituma taswira moja kwa moja kwenye DVD, na usijaribu: unahitaji diski ya nje yenye nafasi, taswira itue huko kwanza. Programu ikikuuliza ukubwa wa kila kipande, andika 2000, maana yake megabaiti 2,000. Vipande viwili vinaingia DVD moja na nafasi kidogo inabaki, na hakuna kipande kinachovuka kikomo cha GB 4 kwa faili moja ambacho FAT32, mpangilio wa mafaili wa diski na flashi nyingi, haiwezi kupita. Mwisho utakuta folda yenye mafaili madogo madogo ya maelezo, na mengine makubwa ambayo majina yake yanaishia na aa, ab, ac na kuendelea. Yale madogo ndiyo watu huyapuuza, kumbe ndani yake mna ramani ya patisheni. Yanakili kwenye kila DVD, hayali nafasi.

Kutoka hapo tengeneza orodha ya SHA-256 ya kila faili. Ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaotokana na yaliyomo ndani. Ikibadilika biti moja tu, mfuatano wote unabadilika. Halafu tengeneza mafaili ya par2, hatua ambayo maelekezo mengi huiruka na mimi naiona ndiyo inayofanya seti ya DVD iaminike. Par2 hukokotoa data ya ziada inayoweza kujenga upya kilichopotea, popote kilipopotea. Kwa GB 40 kwenye DVD kumi, ziada ya asilimia 15 ni GB 6, yaani DVD mbili zaidi. DVD yoyote kati ya kumi ikifa kabisa unakuwa umepoteza GB 4, na ziada inazidi hapo, hivyo kipande kinarudi. Ukokotoaji unachukua muda, acha kompyuta ifanye usiku.

Diski zenyewe usinunue boksi zima kwa jina lililoandikwa juu. Nunua chache, choma, zisome kwenye draivu nyingine tofauti na iliyozichoma. Zikipita ndipo urudi kuchukua nyingi. Draivu nyembamba ya USB inavuta umeme mwingi wakati wa kuchoma, kwa hiyo ichomeke kwenye kompyuta yenyewe, siyo kwenye kigawanyio cha USB. Chagua kasi ya kati, 4x au 8x, na uweke alama kwenye kisanduku cha kuhakiki baada ya kuchoma. Kwa 8x, DVD moja na uhakiki wake ni kama dakika 20, kwa hiyo seti ya 12 ni kazi ya nusu siku. Umeme ukikatika katikati, DVD-R hiyo imekwenda. Laptopu ina betri yake. Ya mezani iwe kwenye UPS, na usitegemee jenereta la jirani.

Diski ya kuwashia, yaani DVD yenye Clonezilla yenyewe, ichome mapema, kabla ya hizo nyingine, na uiwashe kweli. Kosa linalorudiwa sana ni kuburuta faili la ISO la Clonezilla (faili moja lililobeba diski nzima ya kuwashia) kwenye DVD tupu na kulichoma kama faili. Ukifungua diski ukaona faili moja tu linaloishia na .iso, hiyo haiwashi kitu. Tumia amri ya kuchoma faili la taswira, ambayo kwenye Windows inapatikana kwa kubofya kulia. Kompyuta nyingine huita menyu ya kuwashia kwa F12, nyingine F9 au Esc. Andika ya kwako inatumia ipi.

Jina la seti, tarehe, namba ya diski (3/12) na toleo la programu viandikwe kwa kalamu laini ya wino, kamwe si kwa bolpeni, na stika za karatasi zisibandikwe, zinayumbisha diski inapozunguka. Diski zisimame wima kwenye kasha zake, gizani, mbali na dirisha. Kwa walioko pwani, unyevu ni adui mkubwa kuliko mikwaruzo.

Kinachobaki ni jaribio la kurudisha. Clonezilla haitakuomba DVD ya pili, ya tatu. Inataka vipande vyote vikutane kwenye folda moja, kwa hiyo hata siku ya dharura utahitaji diski ya nje yenye nafasi ya taswira nzima. Nakili DVD zote 12 huko, linganisha SHA-256, kisha chomoa kabisa SSD halisi kwenye kompyuta na uweke nyingine mahali pake, ili usije ukachagua sda ukidhani ni sdb, majina ambayo Clonezilla huzipa diski. Diski ngumu ya SATA ya GB 320 iliyotolewa kwenye laptopu iliyovunjika kioo inatosha, kwa kuwa si ndogo kuliko ile ya GB 256 iliyotolewa taswira.