Joto linaisha, baridi inakuja: jinsi ya kuchagua riwaya inayoendana na dirisha lako

Wadau mlioko Ulaya na Marekani ya Kaskazini, kuanzia mwisho wa mwezi wa nane mpaka wa kumi na moja kwangu ndo kipindi kitamu kuliko vyote cha kusoma riwaya na sababu ni giza tu, hamna kingine. London mwezi wa sita jua linazama saa tatu na kitu usiku, watu bado wako bustanini wanachoma nyama, nani ataogopa jumba lenye mzimu saa hizo? Afu inafika Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi, saa zinarudishwa nyuma, na ghafla saa kumi na moja jioni giza linakukuta ukitoka kazini. Hapo katikati ndo kwenye mambo.

Sasa watu wengi wakitaka kitabu cha msimu wanaangalia jalada, wakiona kasri na mwezi na jani jekundu wanabeba. Mi nasema fungua katikati, tafuta ukurasa wenye ukungu au mvua au upepo, soma aya mbili tatu, afu jiulize: hii hali ya hewa nikiitoa, hadithi inaharibika? Kama haiharibiki basi ni mapambo, rudisha shelfuni. Kama bila ule ukungu meli isingepanda mwamba na siri isingeibuka, chukua haraka.

Hiyo meli sijaitoa hewani, ni ya Rebecca, riwaya ya Daphne du Maurier ya 1938. Msichana ambaye kitabu kizima hatuambiwi jina lake anaolewa na tajiri aliyefiwa na mke, anapelekwa Manderley, jumba kubwa pwani ya Cornwall, na akifika anakuta marehemu, huyo Rebecca, bado ndo mwenye nyumba, maana msimamizi wa nyumba Mrs Danvers hataki kabisa asahaulike. Hii anza nayo mwisho wa mwezi wa nane, kwa sababu maisha ya Manderley yanaanza na maua na chai ya nje, afu kuna pati ya mavazi, afu asubuhi yake ukungu unashuka na mambo yanageuka, yaani kitabu kinapoa polepole pamoja na wewe. Na du Maurier alianza kukiandika akiwa Alexandria, mumewe mwanajeshi kapangiwa huko, anakaa na joto la Misri huku anaililia mvua ya kwao. Sisi wengi huku ni kinyume chake lakini maumivu ni yaleyale.

Inayofuata ni Dracula ya Bram Stoker, 1897, na hapa nisikilizeni vizuri kwa sababu kuna namna ya kuisoma. Kitabu chote ni diari, barua, telegramu na vipande vya magazeti, karibu kila kitu kina tarehe, kuanzia tarehe 3 mwezi wa tano mpaka tarehe 6 mwezi wa kumi na moja. Kwa hiyo soma sura nne za mwanzo kwa mkupuo, ni Jonathan Harker, mwanasheria kijana wa Kiingereza, akiwa kasrini kwa Dracula mnyonya damu kule Transylvania, afu soma barua za wale mabinti wawili zinazofuata, zinarudi nyuma kitarehe ila usijali. Ukifika kipande cha gazeti cha tarehe 8 mwezi wa nane punguza mwendo. Meli ya Demeter iliyotoka Varna inaingia bandari ya Whitby, Uingereza, katikati ya dhoruba, nahodha ni maiti imefungwa kwenye usukani, na mbwa mkubwa anaruka nchi kavu anapotelea gizani. Kuanzia hapo soma kila ingizo siku ya tarehe yake, weka rimainda kwenye simu. Kama umechelewa kuanza fidia kwanza mpaka uifikie tarehe ya leo. Septemba kumejaa, kuna siku utasoma kurasa nyingi mpaka uchelewe kulala, afu zinakuja siku tupu, hakuna ingizo, na unajua kuna mtu yuko hatarini na huwezi kufanya kitu mpaka tarehe ifike, hizo siku tupu ndo utamu wenyewe. Yule mzee wa Whitby anaongea Kiingereza cha kijijini kigumu balaa, usikwame naye, pita. Van Helsing, yule profesa anayemwinda Dracula, naye anaongea sana, mvumilie.

Mwezi wa kumi wa upepo mpe Emily Brontë, Wuthering Heights ya 1847, nyumba mbili kwenye nyika za Yorkshire na watu wasiojua kusamehe. Chora ukoo kwenye karatasi kabla hujaenda mbali, kuna Catherine wawili na Linton ni jina la ukoo na pia jina la mtoto, utachanganyikiwa bure.

Novemba naiweka ya kwetu: By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, 2001. Saleh Omar, mtu mzima kutoka Zanzibar, anatua Gatwick jioni ya tarehe 23 Novemba kwa jina la mtu mwingine, anajifanya hajui Kiingereza, na ofisa wa uhamiaji anamchukulia kikasha chake cha udi. Baadaye anapewa makazi kwenye mji mdogo wa pwani ya Uingereza, na kutoka kwenye ile baridi hadithi inarudi kwenye pepo za msimu, wafanyabiashara wa Ghuba na deni la nyumba ambalo familia mbili hazikulisahau. Hii usiikimbize, Gurnah anakupa jambo nusu afu nusu nyingine unaipata baada ya kurasa mia, na inakugeuza kabisa. Kama una udi nyumbani choma kidogo, ila ukae mbali na kile kingʼora cha moshi.

Mlioko Dar au Mombasa, mpango wa tarehe za Dracula unafanya kazi popote, na zile mvua za vuli zikianza mwezi wa kumi mna giza lenu la mchana la kutosha. Na kama Kiingereza kinachosha, tafuta Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, 1960, hadithi ya mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, ni fupi.

Kuhusu kuzipata, Dracula na Wuthering Heights zimeshatoka kwenye hakimiliki, ziko bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, na za kusikiliza ziko tovuti ya LibriVox, zinasomwa na watu wa kujitolea kwa hiyo onja sauti kwanza. Rebecca na By the Sea bado zina hakimiliki, hizo nenda maktaba au tumia Libby, app ya kuazima vitabu vya maktaba kwenye simu, kama maktaba yako iko humo, na weka oda mapema maana ukisubiri ukungu ndo uanze kutafuta, utaletewa kitabu Januari.