Tengeneza mchezo wa silabi kwa PowerPoint: mwongozo kwa walimu wa chekechea

Michezo mingi ya kompyuta ya watoto wadogo inayopatikana bure mtandaoni inafundisha herufi kwa matamshi ya Kiingereza. Mtoto wa miaka minne wa Nkuhungu au Chang'ombe akiizoea, akija darasani A anaiita "ei", I anaiita "ai", na mbaya zaidi E anaiita "i". Hapo mwalimu ana kazi mbili: kufuta, kisha kufundisha. Ndiyo maana nawashauri walimu wenzangu wa Dodoma watengeneze mchezo wao: mtoto anasikia silabi, kisha anabofya picha ya kitu kinachoanza nayo. Si kazi ya mtaalamu. Kama unaweza kuandaa slaidi za kikao cha wazazi, hii nayo unaiweza.

Wenye tableti wana nafuu kidogo. Programu za onebillion na Kitkit School, zilizoshinda pamoja Global Learning XPRIZE, shindano la programu za kujifunzia watoto, mwaka 2019, zilijaribiwa kwa Kiswahili katika vijiji vya Tanga. Ila vituo vingi vina laptopu moja tu ya ofisini, nayo imeshachoka. Mwongozo huu ni wa hiyo laptopu.

Hatua ya 1: Mkono kwanza

Mtoto ajue kipanya kabla ya kuulizwa silabi. Weka GCompris, mkusanyiko wa bure wa michezo ya watoto wa miaka 2 hadi 10. Kuna mchezo ambao mtoto anasogeza kipanya tu, habofyi kitu, na picha iliyofunikwa inajitokeza kidogokidogo. Aucheze huo mpaka mkono utulie, ndipo aende kwenye kubofya. Nenda pia kwenye mipangilio ya kompyuta upunguze kasi ya mshale.

Hatua ya 2: Chagua maneno

Hapa ndipo mchezo unapofaulu au kufa, kwa hiyo usikimbie. Anza na silabi za konsonanti moja na irabu moja: ba, ku, za, ma, ki. Mbuzi na mbuyu ni vitu vyetu kabisa hapa Dodoma, lakini "mbu" ni silabi nzito kwa anayeanza, viweke akiba. Bata, kuku, zabibu, maboga na kibuyu vinatosha kwa mzunguko wa kwanza.

Kisha jiulize: mtoto akiiona picha hii atasema nini? Ukimwonyesha maji ndani ya glasi, wengi watasema glasi, na hawajakosea. Ukimwonyesha jogoo huku wewe unataka "kuku", utabishana na mtoto mwenye haki yake. Zaidi ya hapo, watoto wetu wengine nyumbani wanaongea Kigogo au Kirangi, na kitu wanakijua kwa jina jingine. Wape wachache picha kwenye simu bila kompyuta yoyote, usikilize. Picha inayoitwa majina mawili itoe.

Hatua ya 3: Picha

Piga mwenyewe. Soko la Majengo lina karibu kila kitu. Omba ruhusa kwa muuzaji, weka kitu juu ya kitambaa cha rangi moja, piga kwa karibu. Picha moja, kitu kimoja.

Hatua ya 4: Sauti

Mchezaji wako hajui kusoma, kwa hiyo swali lolote lililoandikwa kwenye skrini halimsaidii. Kila kitu kisemwe. Rekodi kwa programu ya bure ya Audacity, na unapohifadhi chagua WAV, aina mojawapo ya faili la sauti, kwa sababu kitufe cha PowerPoint hakipokei sauti ya aina nyingine. Ukirekodi kwa simu, ifungulie Audacity na uigeuze.

Kwa kila swali unahitaji sauti za aina tatu. Ya kwanza ni swali: "Bata. Kuku. Zabibu. Kipi kinaanza na za?" Ya pili ni ya kila jibu lisilo sahihi: "Huyu ni kuku. Ku, kuku. Tafuta za." Ya tatu ni pongezi inayorudia neno: "Hongera! Za, zabibu." Usiweke mlio wa kukosea wala sauti ya kucheka. Watoto wanaupenda mlio huo kupita kiasi, wataanza kukosea makusudi ili wausikie.

Hatua ya 5: Slaidi

Slaidi ya swali ina picha tatu kubwa zilizoachana vizuri, pamoja na picha ndogo ya spika. Fungua Transitions, sehemu ya Sound, uweke sauti ya swali. Itajisema slaidi inapofunguka. Bofya picha isiyo sahihi, nenda Insert, kisha Action, chagua None, weka tiki kwenye Play sound na uchague faili lako. Kompyuta itasema na kubaki palepale. Spika ifanye hivyohivyo, kwa sauti ya swali.

Picha sahihi usiipe sauti. Ipe Hyperlink to, halafu Next Slide, ili impeleke mtoto kwenye slaidi ya pongezi yenye sauti yake kwenye Transitions. Ukiweka sauti kwenye picha na kwenye slaidi inayofuata, ya pili itaikata ya kwanza. Kwenye slaidi ya pongezi weka picha kubwa ya zabibu na mshale, nao uwe Next Slide.

Jibu sahihi lihamehame: mara kushoto, mara katikati. Likikaa upande mmoja, watoto watajifunza upande, si silabi.

Wanaotumia LibreOffice Impress, ya bure, badala ya PowerPoint wabofye picha kwa kitufe cha kulia na watafute Interaction.

Hatua ya 6: Funga njia za kutokea

Mtoto akibofya pembeni ya picha, slaidi inaruka. Fungua Slide Show, Set Up Slide Show, chagua Browsed at a kiosk. Kuanzia hapo ni picha na mishale yako tu vinavyofanya kazi. Kitufe cha Esc bado kinatoa nje, basi ifunike kibodi kwa kipande cha boksi, kitakachozuia vumbi pia upepo wa kiangazi ukivuma. Hifadhi faili kama PowerPoint Show, lifunguke moja kwa moja likiwa mchezo.

Hatua ya 7: Kuchezesha

Watoto wawili kwa zamu: mmoja ameshika kipanya, mwenzake anaonyesha kwa kidole, kisha wanabadilishana. Wewe kaa karibu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na wengine runinga ya nyumbani imeshakula sehemu yao. Kwangu, dakika kumi kwa jozi zinatosha. Baadaye watafute uani vitu vinavyoanza na silabi ileile.

Ukitaka kuongeza maswali, chagua slaidi ya swali na ya pongezi kwa pamoja, bofya Duplicate Slide, badilisha picha na sauti. Kwa kuwa ulitumia Next Slide badala ya namba ya slaidi, viungo havitavurugika. Mshale wa slaidi ya mwisho tu ndio uupe First Slide.