Umechaguliwa mwenyekiti wa jumuiya: hongera, na pole

Tumsifu Yesu Kristo. Kila ukipita uchaguzi wa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki, yaani majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, hakosi kuja mtu dukani kwangu na lile daftari kubwa alilokabidhiwa. Ananunua mchele kilo mbili, analipa, halafu haondoki. "Mama, sasa naanzia wapi?" Nauza nafaka hapa Mbezi, Dar es Salaam. Nimekuwa katibu wa jumuiya yetu, kisha mwenyekiti kwa awamu mbili, na sasa ni mwanajumuiya wa kawaida anayekaa mkekani na kuimba. Haya ndiyo ninayowaambia, leo nayaandika kwa utulivu kwa sababu dukani wateja hukatiza maneno.

Anza kwa kulifunga hilo daftari. Majina yote yamo, lakini yamepangwa kwa madeni: zaka, tegemeza, ujenzi wa kanisa, mavuno, rambirambi. Ukiwajua watu wako kwa daftari hilo utawajua kama mkusanya kodi anavyowajua. Nunua jingine dogo, uandike watu. Nani anaishi nyumba ipi, nani anaumwa, nani kafiwa na lini, mtoto gani yuko mafundisho ya Komunyo ya kwanza, nani anaingia zamu ya usiku, nani ndoa yake haijafungwa kanisani na angependa ifungwe. Daftari hili halisomwi mbele ya watu wala halipitishwi mkono kwa mkono. Linakaa kwako, na siku ukitoka unamkabidhi anayekupokea peke yake.

Huenda utasikia watu wakisema jumuiya ni mpango wa paroko wa kupata hela. Wajibu kwa upole. Maaskofu wa nchi zetu, chini ya AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi mwaka 1973, na kwenye mkutano wa 1976 wakaziweka jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Walichotaka ni Kanisa liishi pale watu wanapolala na kuamka, maana padre ni mmoja na parokia ni pana. Wenzetu wa Kongo walikuwa wameshaanza kuzungumzia jumuiya hai tangu 1961, na Kinshasa Kardinali Malula alifika hadi kuwakabidhi walei, waumini wasio mapadre, uongozi wa parokia. Papa Yohane Paulo wa Pili naye, baada ya Sinodi ya Afrika, alizitaja jumuiya hizi katika waraka wake wa 1995 na kuliita Kanisa familia ya Mungu. Hakuna aliyeandika kwamba familia inaanza na risiti.

Sasa sala yenyewe. Kwetu tunakutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa moja na nusu kila mtu anakwenda kutafuta riziki. Anza kwa wakati hata kama mko watatu. Ukisubiri wafike kumi, Jumamosi ijayo hao watatu nao watachelewa. Nyumba zizunguke kwa kufuata mstari wa mtaa. Ukiuliza "nani atatukaribisha wiki ijayo?" utapata wale wale wenye sebule na makochi. Na mkubaliane mapema kwamba mwenyeji anatoa maji ya kunywa, basi. Chai na maandazi vikianza nyumba ya kwanza, ya tatu itaongeza mayai, na anayeishi chumba kimoja cha kupanga ataanza kusafiri kila zamu yake inapokaribia. Tumesali uani kwa wapangaji, kati ya ndoo na kamba za nguo, na majirani Waislamu wakatuletea mkeka wa pili.

Tunatumia Injili ya Dominika inayofuata, kwa njia ya hatua saba iliyotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala yake mwenyewe. Injili inasomwa. Kisha kila mtu anachagua neno au kifungu kifupi kilichomgusa, anakitamka kwa sauti taratibu, mara tatu. Inafuata kimya. Baada ya kimya watu wanashirikishana walichosikia moyoni, halafu wanaulizana: wiki hii tunafanya nini? Mwisho ni sala za hiari na wimbo.

Jumuiya nyingi huharibu mambo mawili hapa. La kwanza ni kimya. Watu wanakiogopa, na mwimbishaji akiona sekunde kumi zimepita anaanzisha pambio. Weka dakika tatu kwenye simu na uwaambie tangu mwanzo kwamba simu ndiyo itakayolia. La pili ni mahubiri. Yupo mzee, au katekista mstaafu, au kijana aliyepita seminari, ambaye akipewa nafasi atafafanua hadi saa mbili. Usimkemee mbele za watu. Mfuate nyumbani umwombe akusaidie: yeye azungumze wa mwisho, na aseme "mimi nimesikia", aache "Injili inatufundisha". Wengi hukubali, kwa sababu wameombwa.

Nikupe mfano. Ilikuwa Dominika ya 15 ya Mwaka C, Injili ya Msamaria mwema. Watu wakawa wanachagua vifungu vile tunavyovitarajia: "jirani yangu ni nani", "alimhurumia". Pembeni, karibu na mlango, alikaa kijana dereva wa bajaji. Alikuwa amekuja kwa sababu mama yake alimwambia akae hadi mwisho ndipo ampeleke sokoni. Zamu yake ilipofika akatamka, "akampandisha juu ya mnyama wake". Mara ya kwanza wapo waliocheka. Ya pili kicheko kikapungua. Ya tatu hakuna aliyecheka. Kwenye kushirikishana akasema maneno machache: Msamaria hakutoa hela kwanza, alitoa usafiri, yeye mwenyewe akatembea kwa miguu. Tulipofika kwenye swali la wiki hii tunafanya nini, akina mama wakamtazama mzee wa nyumba ya nne, aliyepata kiharusi, aliyekuwa amekosa mazoezi ya viungo hospitalini kwa sababu daladala hawezi kupanda na bajaji ya kukodi hamudu. Kijana akasema Alhamisi asubuhi ana nafasi. Jumuiya ikachangia mafuta, na wanaume wawili wakajiandikisha kumnyanyua mzee hadi kitini. Dakika kumi hazikuisha.

Ona alivyopatikana yule kijana. Hakuna aliyempigia kelele kwamba vijana hawaji jumuiya. Ukimtaka kijana, mpe neno la kusoma na kazi inayohitaji akili yake. Kubeba viti amechoka nako. Wetu mmoja sasa ni katibu msaidizi na ndiye anayeendesha kundi letu la WhatsApp kwa sheria moja ngumu: taarifa tu. Picha za waridi zenye maneno ya asubuhi njema wametuma watu wazima, vijana hawakutuma hata moja.

Wanaume ni habari nyingine. Watakwambia wao wana chama chao cha wanaume Wakatoliki, UWAKA, na wanawake wana chao, WAWATA, kwa hiyo jumuiya ni ya akina mama. Sivyo: vyama ni vya wanaume au vya wanawake, kila kundi kivyake, jumuiya ni ya nyumba nzima, pamoja na watoto wa Utoto Mtakatifu na bibi asiyesikia vizuri. Mwanaume nimemwona anakuja pale anapojua saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na anapokuwa na jambo la kutengeneza kwa mikono. Paa la mjane lilipovuja walikuja hata wasiotujua.

Fedha ziwe mwisho, baada ya wimbo wa kufunga, dakika zisizozidi kumi. Wahesabu watu wawili na wote waone. Mweka hazina aandike hapo hapo, na kila mwezi asome jumla iliyoingia, iliyotoka na iliyobaki. Majina ya wasiotoa yasisomwe kamwe. Nimesikia jumuiya inayosoma orodha ya wadaiwa kabla ya Injili. Sitashangaa siku wakibaki viongozi peke yao. Mtu anayerudi nyuma kwenye mchango mara nyingi ana jambo, na jambo hilo ungekuwa umeshaliandika kwenye daftari lako dogo.

Linaloshikana na hili ni barua. Parokia nyingi hutaka barua ya jumuiya kwa ubatizo, ndoa na hata mazishi, na ni haki kwao kutaka kujua mwombaji anafahamika. Lakini anayeamua mtoto abatizwe lini ni paroko. Kazi yako ni kusema ukweli: namfahamu huyu, anakaa kwetu, anasali, au ndiyo kwanza amehamia. Barua ikigeuzwa fimbo ya kudaia michango, mama atabeba mtoto wake kwenda kanisa lingine lisiloomba barua, na hutamrudisha.

Kuhusu vikoba, wengi hawatakubaliana nami. Mimi sivitaki ndani ya jumuiya. Anayetaka kuweka na kukopa aweke na majirani wale wale siku nyingine, kwa jina lingine na kwa katiba yao. Ugomvi mkubwa kuliko wote niliowahi kuamua ulikuwa wa mkopo kati ya akina mama wawili waliokaa wiki nyingi bila kupeana amani kwenye sala. Nilifuata Mathayo 18: nilimwomba aliyekosewa aende kwanza peke yake, halafu nikaenda naye mimi na mama mmoja mzee. Kwa Baba Paroko hatukufika. Usikimbilie kwa paroko na kila ugomvi wa uani.

Wageni mjini hapa ni wengi, na mtu anaweza kukaa mwaka mzima bila kujua jumuiya yake ni ipi. Mimi nawajua kupitia dukani, kwa sababu mpangaji mpya hununua unga nusu kilo na kuuliza bei ya mkaa. Wewe muulize mjumbe wa shina au mwenye nyumba. Mkatembelee mkiwa wawili, msiwe watano, na msiende na karatasi ya mchango. Muulize anatoka wapi, parokia yake ya nyumbani ni ipi, kisha umwambie siku na saa, na umpitie Jumamosi ya kwanza. Kuitwa kanisani kwenye matangazo hakufanyi kazi.

Kwenye msiba mnajijua, sisi Waswahili hatuhitaji mwongozo wa turubai na maji ya moto. Kazi ngumu huja watu wakishatawanyika. Panga wawili wawili wa kumpitia mfiwa kila wiki kwa miezi kadhaa, na uandike tarehe, kwa sababu baada ya mazishi kila mtu hudhani mwenzake amekwenda.

Wanasiasa watakuja kipindi cha uchaguzi kuomba "kusalimia tu". Waambie wakae wasali, mwishoni waage kama wengine.

Siku mkiona watu wanakaa hadi barabarani na mtu anaweza kukosa wiki tatu bila kuulizwa, mmekua mno. Kwa maoni yangu kaya ishirini ni mwisho. Zungumza na uongozi wa kanda na paroko, mgawane kwa barabara au mfereji, msigawane kwa kabila wala kwa urafiki. Walio upande wa pili wachague wenyewe somo wao, yaani mtakatifu wa jumuiya yao. Wenzetu walimchukua Mtakatifu Bakhita. Fedha za mfuko zigawanywe kwa idadi ya kaya, na hesabu ibandikwe mlangoni. Halafu angalia upande mpya una nani wa kuimbisha. Kama hawana, muombe mwimbishaji wenu mzuri awasaidie mwaka wa kwanza. Sisi tulimtoa, tukabaki na mzee mmoja anayeanzisha kila wimbo juu sana hadi ubeti wa pili tunahema. Mtamzoea.