Jinsi ya Kukagua Vihifadhi kabla ya Kumdunga Mtoto Mchanga Dawa

Mwongozo huu ni wa wauguzi na wafamasia wenzangu wanaohudumu katika wodi za watoto wachanga hapa Nairobi.

Hatua ya kwanza: anza na maji ya kuyeyushia dawa na kusafishia mrija wa mshipa, kwa kuwa hayo ndiyo yasiyohesabiwa na mtu. Mwaka 1982 nchini Marekani, madaktari waliripoti vifo vya watoto njiti waliosafishiwa mirija kwa maji ya chumvi yenye alkoholi ya benzili, kihifadhi kinachozuia bakteria katika vichupa vinavyochomwa sindano mara nyingi. Mwili huigeuza alkoholi hiyo kuwa asidi ya benzoiki, kisha ini huiunganisha na glaisini, kijenzi kimoja cha protini, ili itoke kwa mkojo. Ini la njiti halijakomaa kwa kazi hiyo, kwa hiyo asidi hulimbikizana katika damu.

Hatua ya pili: soma orodha nzima ya viambato, hata maandishi madogo ya ubavuni. Kichupa cha dozi nyingi kishukiwe mpaka lebo ikiondolee shaka, hasa cha heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Tafuta pia propilini glikoli, ambayo ni kiyeyushi, lakini nayo huweza kuongeza asidi katika damu. Hupatikana katika baadhi ya sindano za fenobabitali na diazepamu, dawa za kutuliza degedege.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya siku nzima. Maji yenye alkoholi ya benzili kwa asilimia 0.9 yana miligramu 9 katika kila mililita. Mtoto wa kilo 1 akipokea mililita 11 kwa siku, amepata miligramu 99, na visa vya 1982 vilihusishwa na miligramu 99 hadi 234 kwa kilo kwa siku. Mililita 11 si nyingi: mrija husafishwa kila baada ya dawa.

Hatua ya nne: tumia ampuli ya dozi moja isiyo na kihifadhi, na masalio yatupwe, hata kama stoo inalalamika. Hata hivyo, mtoto anayepata degedege asicheleweshewe dawa kwa sababu ya kiyeyushi chake. Mpe, kisha uandike kiasi alichopokea.

Hatua ya tano: mtoto akianza kutweta kwa pumzi za kukatika, shinikizo la damu likashuka au degedege likaanza, simamisha maji yenye kihifadhi, mwite daktari, pimeni asidi ya damu, halafu toeni taarifa kwa Bodi ya Famasia na Sumu.