Kuhamisha vyombo vya pombe ya nyumbani, Tanga mjini hadi Lushoto

Barua ya uhamisho ikija, watu huwaza kabati, friji na magodoro. Sisi tunaojitengenezea mvinyo na bia nyumbani tuna mzigo mwingine ambao vijana wa kubeba hawaujui: ndoo zenye koki, mitungi ya kioo, mipira ya kunyonyea pombe kutoka chombo hadi chombo, mashine ya kufungia vizibo, haidromita (kile kipimo cha kioo kinachoelea, cha kujua sukari iliyobaki). Mimi ni mwalimu wa kemia. Hapa Chumbageni nimekuwa nikitengeneza mvinyo wa choya na wa machungwa ya Muheza, na bia kidogo kila nikipata kimea kizuri. Sasa napandishwa Lushoto, na wenzangu kadhaa wameniuliza nafungaje vitu hivi.

Neno langu kubwa ni hili: mashimo ya barabarani hayaharibu vyombo kama unavyoviharibu unyevu uliofungiwa ndani. Ndoo ikifungwa mfuniko ikiwa na matone ya maji, kwa joto letu la pwani, siku chache tu ukungu umeshaota. Kwa hiyo kuosha na kukausha kunafanyika huku huku, kabla gari halijaitwa. Yule anayesema "nitaosha nikifika" atafika amechoka, maji hajui yanatoka siku gani, na ndoo zitakaa stoo hadi Pasaka.

Maliza kilichomo kwanza

Ukishajua unahama, acha kuanzisha pombe mpya. Mvinyo ambao hamira bado inaufanyia kazi hausafirishwi. Gramu 4 za sukari iliyobaki katika lita moja hutoa gramu 2 hivi za gesi, na kwenye chupa iliyofungwa gesi hiyo haina pa kutokea. Weka na joto la nyuma ya gari saa saba mchana pale Segera, weka na mtikisiko, chupa inaweza kupasuka. Mlima nao una lake. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje inasukuma kidogo kuliko ya Tanga, kwa hiyo gesi iliyo ndani inapata nguvu zaidi dhidi ya kioo. Tofauti si kubwa, lakini chupa iliyokwisha kujaa gesi haihitaji nyongeza.

Kama kuna chupa za bia huwezi kuachana nazo, zilaze friji usiku kucha, kisha zisimamishe ndani ya deli lenye barafu, funika taulo, uondoke alfajiri. Nyingine gawa. Hakuna siku unapendwa na walimu wenzako kama wiki ya mwisho.

Kimea kilichosagwa usihame nacho. Hewa ya Tanga imeshakilainisha na fukusi wameshakiona, wape kuku. Hamira kavu iliyo kwenye pakiti iende kwenye mkoba wako wewe mwenyewe, si kwenye gari la mizigo. Ile ya majimaji uliyoihifadhi kwenye chupa iende kwenye deli, na kifuniko chake usikikaze.

Kuosha

Kuondoa uchafu ni kazi moja, kuua vijidudu ni kazi nyingine. Ukimwaga jiki juu ya utando wa machicha, unaua vya juu, vya chini vinabaki vimejikinga. Uchafu utoke wote kwanza.

Ndoo za plastiki zinataka maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji isiyo na manukato makali, na kitambaa laini. Waya wa kusugulia sufuria usiusogeze karibu, wala makumbi ya nazi, wala mchanga. Kila mkwaruzo ni nyumba ya vijidudu ambayo brashi haiingii. Ule mduara mgumu wa kahawia pale povu lilipoishia haung'olewi kwa kucha. Yeyusha magadi, haya haya ya kupikia kunde, chuja takataka zake, jaza ndoo hadi juu ya mduara na uache usiku mzima. Asubuhi unautoa kwa kidole. Ila magadi hayo yasiende kwenye sufuria ya alumini, itageuka nyeusi. Kostiki ya watengeneza sabuni inafanya kazi haraka zaidi, lakini inaunguza ngozi na macho, na nyumba yenye watoto haina haja nayo.

Sasa njoo kwenye koki. Watu wengi huosha ndoo vizuri, hufungulia koki maji yakapita, wakaamini imekwisha. Ifungue. Zungusha nati ya ndani, toa koki nzima kwenye tundu lake, kisha vuta kile kipande cha katikati kinachozunguka. Nyingi zinatoka ukizivuta kwa nguvu baada ya kuziloweka maji ya moto. Utaona kati ya kipande hicho na ganda lake pana mkanda mwembamba wa uteute, rangi ya kahawia, unanata, na ukiunusa una harufu ya embe lililooza chini ya mti. Kila pombe iliyopita kwenye ndoo ile imepita hapo. Toa na ule mpira wa mviringo wa nyuma, geuza, tazama upande uliokuwa umebanwa. Osha kila kipande peke yake kwa mswaki laini, na usikirudishe hadi ufike unakokwenda. Vipande vya kila koki vitie kwenye mfuko wake, andika juu ni vya ndoo ipi, kwa sababu koki mbili zinazofanana kwa macho mara nyingi hazifanani kwa nati.

Mpira wa kunyonyea ukishaingia weusi kwa ndani usihangaike nao, utupe. Ambao bado ni mweupe, pitisha maji ya sabuni, pitisha maji safi, kisha toka uani, shika ncha moja na uuzungushe juu ya kichwa kwa nguvu mpaka matone yaishe kuruka. Majirani watacheka. Waache wacheke, hakuna njia nyingine inayotoa maji yaliyojikunja katikati. Baada ya hapo uning'inize wima, ncha zote mbili zikitazama chini.

Mitungi ya kioo haipendi ghafla. Usimwage maji yanayochemka kwenye kioo cha baridi. Kama kuna ukoko mweupe mweupe chini ambao sabuni haiugusi, huo unataka tindikali: kamua ndimu au tumia siki, acha saa kadhaa, suuza. Chupa zenye shingo nyembamba tia konzi ya mchele mbichi na maji ya sabuni, tikisa. Mtungi mkubwa usiutikise hivyo.

Koili ya shaba ya kupozea, kwa aliye nayo, isafishwe kwa ndimu na maji. Usiiguse na jiki. Ipulize kwa mdomo hadi maji ya ndani yaishe.

Jiki, kwa adabu

Kwa plastiki na kioo, jiki ya kawaida isiyo na manukato inatosha: kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4 za maji baridi, dakika 20. Kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, tena na tena, hadi pua isisikie kitu. Mabaki ya klorini yakikutana na pombe huleta ladha ya dawa, kama umelamba bandeji, na hiyo haiondoki kwa kusubiri. Sufuria ya chuma kisichoshika kutu nayo usiilaze kwenye jiki, itatobolewa vitundu vidogo vidogo. Maji ya kuchemka yanaitosha.

Na hapa nasema kama mwalimu wa maabara: jiki na siki havikutani, jiki na ndimu havikutani. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na bafu la nyumba za kupanga halina dirisha la kukuokoa. Kama leo umetumia siki, suuza, malizia, jiki iwe kesho.

Kukausha

Hili ndilo linalochukua muda, na ndilo linalorukwa. Weka kila kitu kwenye kichanja, mdomo chini lakini hewa ipite. Ukiigeuza ndoo juu ya sakafu ya saruji umeifungia unyevu ule ule. Funika kichanja kwa kipande cha chandarua, kwa sababu vile vinzi vidogo vya kwenye matunda hubeba bakteria wa siki miguuni. Jua la asubuhi ni zuri. Jua la kutwa nzima huifanya plastiki iwe kavu na kupasuka.

Jaribio la mwisho ni pua. Ndoo ikishaonekana imekauka, ifunge mfuniko jioni, ifungue asubuhi, ingiza kichwa. Harufu ya plastiki tupu, sawa. Harufu ya kitu chochote kingine, irudi kwenye magadi.

Kufunga

Ndoo zinaingiana, ila weka kitambaa kati ya moja na nyingine, la sivyo utazivuta wewe na fundi na zisiachane. Mifuniko ipangwe pembeni, usiifunge. Mitungi ya kioo ivishwe vitenge vya zamani, si magazeti yaliyolowa wino, kisha kila mmoja uingie kwenye gunia la katani na ufungwe kwa kamba ya mkonge shingoni na tumboni. Mkonge ni mali yetu, tuutumie. Tena wenyewe ulifika huku kwa kufungwa kwenye mzigo: mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg, na iliyofika hai ni 62 tu. Ufungaji mbaya una historia ndefu mkoani kwetu.

Mtungi usibebwe kwa shingo, hata ukiwa mtupu. Mkono mmoja chini, mwingine ubavuni.

Haidromita itie kwenye kasha lake, kasha ndani ya soksi, soksi katikati ya nguo zako. Kipimajoto vivyo hivyo.

Kubeba

Kutoka nyumbani hadi gari lilipo, guta linatosha, lakini ongea na mwenye guta kabla hajapakia. Mtaa wetu una Waislamu wengi na mtu ana haki ya kujua anabeba nini. Aliyebeba vyangu aliniuliza mwenyewe:

"Mama mwalimu, hivi ni vya pombe?"

"Ni vya pombe, mwanangu, ila vitupu na vimeoshwa. Kama moyo haupendi niambie, nitafute mwingine, hatutagombana."

"Kama ni vitupu haina neno, mama. Ila funika, tunapita msikitini."

Nilikuwa nimeshafunika. Hata asingeniambia, chupa hazipangwi wazi juu ya guta kama nakwenda gulioni.

Safari ndefu chukua kirikuu chenye turubai. Toyo ni nafuu, lakini si kwa mlima ule. Hadi Mombo barabara ni nzuri, shida inaanza ukiacha lami kuu na kuanza kupanda kwenda Soni. Kona ni nyingi na vitu huteleza kwenda ubavuni, kwa hiyo kujaza nguo chini tu hakusaidii. Mitungi isimame katikati ya magodoro mawili, ikibanwa pande zote nne, na chochote kizito kama mashine ya vizibo kiwe sakafuni mbele, mgongoni mwa dereva.

Koili ya shaba iweke juu juu, mahali unapoweza kuitoa. Mtu yeyote kizuizini akiiona atafikiri gongo, na kukeneka gongo ni kosa la jinai. Ukiwa nayo pamoja na ndoo na sufuria, maelezo ni mafupi: hii inapoza tu, maji baridi yanapita ndani, bia inakaa nje. Ukiificha chini ya godoro maelezo yanakuwa marefu.

Ukifika

Usianze na kupika. Rudisha koki, jaza kila ndoo maji hadi juu, ziache usiku kucha juu ya magazeti makavu. Asubuhi gazeti litakuonyesha inayovuja. Mara nyingi ni ule mpira wa mviringo umekaa upande.

Haidromita ipime kwenye maji safi. Nyingi zimesanifiwa kwa nyuzi 20, ndiyo maana maji ya bomba ya Tanga, yenye nyuzi 28 hivi, husomeka 0.998 na wala si ubovu. Maji ya Lushoto ni ya baridi, yasogeze hadi nyuzi 20 uone kama inasoma 1.000. Ikiwa imepotoka sana, tazama ile karatasi ya namba ndani ya kioo. Ikiteleza kidogo tu safarini, kila kipimo kitakuwa uongo.

Jiandae pia kwamba maji yatachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa kuwa uko juu. Kwa kuua vijidudu vya kwenye vyombo bado yanafaa, yaongezee dakika chache. Tatizo zaidi ni baridi ya Juni na Julai: hamira iliyozoea joto la Chumbageni italala. Iweke ndoo chumba cha karibu na jiko, ivishe blanketi.

Pombe ya kwanza ifanye ndogo na ya bei ndogo, lita 5 za tangawizi na sukari, kwenye ndoo unayoitilia shaka kuliko zote. Plamu zinaweza kusubiri wiki mbili.